Mwanga Ule wa Usiku: Haukuwa Bomu, Kilikuwa Kimondo

Mwezi huu tunaanza na jambo ambalo limezungumzwa kisimani, kwenye foleni ya mgao, kanisani na msikitini. Tumeulizwa mno: "Nyinyi watu wa gazeti, kile kilikuwa nini?" Tumejitahidi kutafuta jibu, na hii ndiyo habari yenyewe jinsi tulivyoifuata.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Familia nyingi zilikuwa zinakula. Sisi tunaoandaa gazeti hili tulikuwa watatu nje ya darasa, tunapanga karatasi. Ghafla vivuli vyetu vikaonekana ardhini, vyeusi kabisa, vikaanza kuzunguka kana kwamba kuna mtu anapita nyuma yetu na taa kubwa. Tulipogeuka tuliona mpira wa moto, kijani kwa mbele na mwekundu kwa nyuma, unakata mbingu bila sauti yoyote. Sekunde nne, labda tano. Ukapasuka vipande vitatu, ukazimika.

Kisha kimya. Watu wakaanza kuitana kutoka nyumba hadi nyumba, wengine wakacheka kidogo. Halafu, wakati tumekwisha anza kusahau kuogopa, mlio ukaja. Duu! Duu! Na mngurumo nyuma yake, kama lori linavuka daraja la mbao. Mabati ya shule yakatikisika.

Hatuna haja ya kueleza sana kilichofuata, kwa sababu kila mmoja alikuwepo. Taa zikazimwa. "Wamefika! Wamefika!" Sijui nani alianza. Watu walibeba watoto, masufuria yenye ugali wa moto, kadi za rasheni, wakaelekea bondeni. Wengine walilala chini kifudifudi kama tulivyozoea kule nyumbani masasi yakilia. Watoto waliozaliwa hapa kambini, ambao hawajawahi kusikia bunduki hata siku moja, nao walilala kifudifudi. Hilo lilitusikitisha kuliko yote. Nani aliwafundisha? Mpaka saa sita za usiku sungusungu walikuwa bado wanazunguka na tochi kurudisha watu majumbani, na watoto wawili walipatikana asubuhi wamelala katika mtaro, wazima, tunamshukuru Mungu.

Asubuhi yake maneno yakawa mengi. Mzee mmoja wa Fizi alisema kwao nyota ikianguka namna ile ni mtu mkubwa amekufa. Wengine walisema ni siku za mwisho. Wengine, eti ni ndege ya kivita imedunguliwa. Na vijana wanne wa zoni yetu walisikia kwenye simu kwamba jiwe la mbinguni linauzwa kwa dola, wakatoka alfajiri na jembe bila kibali. Walirudishwa kabla hawajafika mlimani. Bahati yao, maana kuna waliowahi kulala ndani kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sisi tulikwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia. Yeye hakusita: "Hicho ni kimondo." Akatueleza kwamba angani kuna mawe mengi yanayozunguka jua kama dunia inavyozunguka. Likitokea moja likakutana na dunia, linaingia kwenye hewa kwa kasi ya kilometa 11 kwa sekunde au zaidi. Fikirini: kutoka hapa mpaka Kigoma mjini ni sekunde chache tu. Kwa kasi hiyo hewa ya mbele yake inabanwa, inapata joto kali, jiwe linawaka na kuyeyuka upande wa nje, na mara nyingi linapasuka. Mwanga unaanza juu sana, kama kilometa 100, na kwa kawaida unazimika kabla ya kufika kilometa 15 au 20 kutoka ardhini. Kilichobaki, kama kimebaki, kinaanguka gizani bila kuwaka, kama jiwe lolote lililotupwa.

"Basi, mwalimu," tukasema, "twende tukalitafute."

Jumamosi tulikusanya watoto wa shule kama arobaini kwenye uwanja wa mpira. Tuliwapanga mstari mmoja, mkono kwa mkono, tukatembea taratibu macho chini, kutoka uwanjani hadi kwenye mashamba ya mihogo. Mwalimu alikuwa ametoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba. Kila jiwe jeusi lilipimwa. Tulipata misumari, vifuniko vya soda, betri, shilingi mia moja, na mawe mekundu ya hapa hapa ambayo watoto walikataa kabisa kuyaacha. Kimondo, hakuna.

Siku hiyo hiyo sokoni alionekana mtu anauza "mawe ya nyota," elfu mbili kipande. Tulikwenda kuona. Yalikuwa meusi, mepesi, yana vitundu vitundu kama mkate. Mwalimu akacheka: hayo ni mabaki ya chuma kutoka kwa mfua vyuma. Jiwe la kimondo halina vitundu vya namna hiyo. Likiwa jipya lina ganda jembamba jeusi kama limepakwa masizi, ndani lina rangi ya majivu, ni zito kwa ukubwa wake, na mengi yanavutwa na sumaku kwa sababu yana chembe za chuma. Lakini mama mmoja alikwisha nunua vipande viwili. Alitaka kuvisaga ampe mtoto wake mgonjwa.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili lilikwisha tokea, na si mbali. Tarehe 14 Agosti 1992, kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, jiwe kubwa liliingia juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Watu walisikia mlipuko na mngurumo, kisha mawe yakaanza kunyesha juu ya mji na vijiji vya jirani. Mengine yaligonga mapaa. Kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa kilo 27 na nusu hivi. Dogo moja, la gramu kama tatu, lilipiga jani la mgomba, likarukia kichwa cha kijana. Hakuumia. Mgomba ulimwokoa. Mamia ya vipande yaliokotwa. Lakini miaka ile UKIMWI ulikuwa unamaliza familia na dawa hazikuwepo, basi watu wengine waliamini Mungu ameshusha dawa. Waliyasaga yale mawe, wakayala. Hatuwacheki. Mtu aliyekosa dawa atashika chochote. Lakini lile lilikuwa jiwe tu, lenye mawe na chuma ndani yake, na halikumponya mtu. Mama yule wa sokoni alirudishiwa pesa zake baada ya maneno mengi, na mtoto alipelekwa zahanati.

Wasomaji wengi wanajua pia kimondo cha Mbozi, kule kusini-magharibi mwa Tanzania, mkoa wa Songwe. Hicho ni chuma kitupu, kinakadiriwa kuwa na tani 16, na hakuna anayejua kilianguka lini. Wazee wa pale walikijua zamani, serikali ya kikoloni ikapata habari zake mwaka 1930. Kipo mpaka leo, watu wanakwenda kukitazama.

Lakini habari iliyotusaidia zaidi ni ya Sudan. Mwalimu alituletea, na sisi tuliona kama imeandikwa kwa ajili yetu. Tarehe 6 Oktoba 2008, mtaalamu mmoja wa Marekani, Richard Kowalski, aliona kwa darubini jiwe la upana wa meta 4 hivi linakuja. Ilikuwa mara ya kwanza duniani jiwe kuonekana angani kabla halijaanguka. Saa kama 20 baadaye, alfajiri ya tarehe 7, likapasuka kilometa 37 juu ya jangwa la Nubia. Watu walioamka kwa sala ya alfajiri waliuona mwanga. Wengi walidhani hakikubaki kitu. Lakini Dokta Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum alisafiri akauliza watu: ulisimama wapi, uliona wapi, lilizimikia wapi? Desemba ile alikwenda jangwani na Peter Jenniskens, mtaalamu kutoka Marekani, pamoja na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo 45. Wakajipanga mstari, wakatembea macho chini, kama watoto wetu tu! Nao walipata. Baada ya safari kadhaa vipande vilizidi 600, jumla kilo kumi na kidogo. Yaliitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa sababu ya kituo cha reli kilicho karibu.

Tofauti yao na sisi ni nini? Wao waliuliza kwanza, wakatafuta baadaye. Sisi tulikimbilia uwanja wa mpira kwa sababu ulikuwa karibu.

Tukaanza upya, kwa kuuliza. Tulikwenda nyumba hadi nyumba siku nne. Shida ikawa hii: watu wengi waliona mwanga mwanzoni, wachache sana waliona mwisho, maana walikuwa wamekwisha kimbia au wamefunika watoto. Mpaka tulipofika kwa mama mmoja wa watoto wanne, anayeishi na mama mkwe wake. Bibi huyo hawezi kutembea. Usiku ule alibaki peke yake mlangoni, juu ya mkeka, kila mtu amekwisha kwenda bondeni.

Yule mama alipoanza kutusimulia hakuweza kumaliza. "Nilimwacha," akasema. "Niliangalia watoto, nikahesabu, nne. Sikumhesabu Mama."

Bibi akamjibu kutoka kwenye mkeka: "Wee mwanangu, ungenibebea wapi? Uvira nilibebwa, ilitosha. Na mimi sikuogopa. Mabombe yanakuja na sauti. Hii ilipita kimya, nikasema hii si ya watu."

Kisha akanyoosha mkono. Ilitokea juu ya mwembe, akasema, ikapita katikati ya nguzo mbili za choo, ikazimika kushoto mwa tanki la maji, juu kidogo ya tanki, kama vidole vitatu. Ikaacha moshi mweupe uliopinda kama mkia wa mjusi. Mwalimu alilala kwenye mkeka ule ule, kichwa pale pale, akanyoosha mkono na vidole vitatu, akachora kwenye daftari. Kambi nzima ilikimbia. Bibi peke yake aliangalia mpaka mwisho, na ushahidi wake ndio bora kuliko wote tulionao.

Ikabaki swali la umbali. Mwalimu akamwuliza yule mama: ulipoona mwanga ulifanya nini mpaka mlio ukaja? Akajibu kwamba alisimama, akamtoa mdogo kitandani, akamfunga mgongoni, akawaamsha wawili, akatafuta kadi ya rasheni chini ya godoro, akatoka, akafika kwenye barabara ya zoni. Pale ndipo duu! ikalia. Basi tukamwomba, kwa heshima, arudie yote hayo na sisi tumeshika saa. Alikubali. Alirudia haraka, bila kukosea, kama mtu aliyefanya kazi hiyo mara nyingi. Watoto walidhani ni mchezo. Sisi tuliokuwa tumeshika saa tulishindwa kumwangalia usoni. Tulirudia mara mbili, na zote mbili zilitupa dakika mbili na nusu hivi.

Sauti inakwenda kilometa moja kwa sekunde tatu. Dakika mbili na nusu ni sekunde 150. Gawanya kwa tatu: kilometa 50. Hata tukisema lilipasukia kilometa 30 juu, chini yake ni mahali palipo kama kilometa 40 kutoka hapa. Jamani! Na sisi tulikuwa tunapekua mihogo ya watu. Jicho linadanganyika, kwa sababu kitu kinachong'aa sana tunadhani kipo nyuma ya nyumba ya jirani.

Basi vijana wetu, wekeni majembe chini. Hapafikiki bila kibali, na hata kwa kibali ni msitu. Na wazazi, waambieni watoto: jiwe ni jiwe, lakini chuma chenye skrubu, mistari au herufi si kimondo. Wasikiguse, wamwite mkubwa. Hii inawahusu hasa familia zinazojiandaa kurudi nyumbani, ambako bado kuna vilivyobaki vya vita.

Wameuliza wengi: tutajuaje siku nyingine? Kimondo kinavuka mbingu kwa sekunde chache, na kama mlio upo unachelewa, mara nyingi kwa dakika nzima au zaidi, kisha basi. Hakirudii. Ukiona mwanga mkubwa ukapita kimya, anza kuhesabu moja, mbili, tatu. Hata kama unakimbia, hesabu huku unakimbia. Na kabla ya kutoka, hesabu na wazee.

Sasa tunahitaji msaada wenu. Mstari wa bibi ni mmoja, na mstari mmoja hauonyeshi mahali. Unahitajika mwingine kutoka mbali, upande wa pili, ili ikatane. Wenye ndugu Uvira, Baraka, Bujumbura, Kibondo au Kigoma mjini, mkiongea nao kwa simu waulizeni maswali matatu: Alhamisi ile saa mbili kasoro waliona mwanga? Ulipita kushoto kwenda kulia, au kulia kwenda kushoto? Ulizimikia juu ya mlima gani, mti gani, paa la nani? (Ndugu wa Uvira, Baraka na Bujumbura wakumbuke kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.) Andikeni jibu kwenye karatasi, mlete darasani kwetu siku yoyote mchana. Mwalimu anaweka ramani ukutani. Mpaka tunachapa toleo hili ina mstari mmoja wa penseli, na kwenye mwanzo wake tumeandika: Bibi.