Bamba la chuma huharibikia kwenye kompyuta kabla ya kufika mezani

KUKATA chuma na mbao kwa mashine zinazoendeshwa na kompyuta, maarufu kama CNC, si jambo geni tena katika karakana za mijini. Mageti yenye maua, milango, vibao vya maduka na hata vipuri vya mashine za kupukuchua mahindi vinapatikana kwa njia hiyo. Mkulima hupeleka kipuri kilichovunjika, fundi akakipima, akakichora kwenye kompyuta na kukata kipya.

Hata hivyo, hasara nayo imehamia kwenye kompyuta. Zamani kazi iliharibika mkono ulipoteleza. Siku hizi kazi nyingi huwa zimekwisha kuharibika kwenye skrini, kabla tochi haijawashwa. Bamba la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa takriban kilo 70. Likikatwa vibaya hakuna duka litakalolipokea tena, na mwenye karakana hubaki kuliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Kosa la kwanza la kutafuta ni vipimo. Faili la DXF, ambalo ndilo hutumika sana kuhamisha mchoro kutoka programu moja kwenda nyingine, mara nyingi hubeba namba tu. Programu inayolipokea ndiyo huamua kama namba 100 ni milimita au inchi. Ikisoma inchi, kipande cha milimita 100 kinakuwa cha milimita 2,540, na hapo fundi atashtuka mwenyewe. Hatari zaidi ni kipande chenye sehemu zilizotoka kwenye michoro miwili tofauti, moja ya inchi na nyingine ya milimita. Dawa yake ni kupima urefu mmoja unaoujua, ndani ya programu, kila mara faili linapofunguliwa. Kisha angalia mistari ya mwanzo ya maagizo yanayopelekwa kwenye mashine, yaani msimbo wa G. Ikiwa na G21, mashine itafanya kazi kwa milimita. Ikiwa na G20, ni inchi.

Kosa hilo si la mafundi wa mtaani peke yao. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kama za metriki.

Wanaotumia Inkscape, programu ya bure inayopendwa na wachora vibao, wana mtego wao. Toleo la 0.92 lililotoka mwaka 2017 lilibadilisha hesabu ya nukta kwa inchi kutoka 90 hadi 96. Mchoro wa zamani wa milimita 300 unaweza kufunguka ukiwa na milimita 281 na robo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kibao hakitaingia kwenye fremu.

Baada ya vipimo kuna upana wa mkato, na hapa ndipo watengenezaji wa mashine za kilimo wanapoumia zaidi. Chukua beringi ya 6205, ambayo imo kwenye mashine nyingi ndogo. Kipenyo chake cha nje ni milimita 52. Fundi huchora duara la milimita 52 na kuiamuru tochi ya plasma ipite juu ya mstari. Lakini mwali wa tochi nao una unene wake. Ukila milimita 1.6, nusu yake huenda ndani na nusu nje, na tundu linatoka na milimita 53.6. Beringi inacheza. Fundi asiye mwaminifu ataichomelea palepale na kuipaka rangi, na mkulima atagundua katikati ya mavuno, mashine ikianza kupiga kelele huku magunia yakisubiri.

Programu za kuandaa mkato zina sehemu ya kujaza upana huo ili njia ya tochi isogee pembeni mwa mstari. Matundu yasogezwe ndani, kingo za nje zisogezwe nje. Upana wenyewe usinakiliwe kutoka kwenye kitabu cha mashine, maana hubadilika kwa unene wa chuma, nguvu ya umeme na uchakavu wa ncha ya tochi. Kata mraba wa milimita 50 kwenye kipande cha taka, tochi ikipita juu ya mstari, kisha upime. Ukitoka na milimita 48.4, upana wa mkato ni 1.6. Ni kazi ya dakika chache.

Hata hesabu ikiwa sahihi, tundu la beringi halifai kumaliziwa na plasma. Ukingo wake huwa na mteremko, na joto hukakamaza chuma. Fundi makini hukata tundu likiwa dogo, tuseme milimita 49, kisha hulipeleka kwenye mashine ya kukereza na kulifikisha kwenye kipimo. Pale tochi inapotoboa kwa mara ya kwanza huacha shimo pana lenye makovu, hivyo iamriwe kuanzia kwenye sehemu itakayotupwa. Kwa tundu, sehemu hiyo ni ndani ya duara.

Kuna wakati programu hukataa kabisa kusogeza njia, au husogeza upande usiofaa. Sababu ya kawaida ni mstari usiofunga. Duara au umbo linaonekana limefunga kwenye skrini, lakini ukilikuza utaona mwanya mdogo kama unywele, na kwa programu umbo hilo halina ndani wala nje. Tatizo la pili ni mstari uliochorwa mara mbili, mmoja juu ya mwenzake. Mashine itaurudia, tochi itawaka mahali ambapo chuma kimekwisha kukatwa, na mwali utazimika. Kwenye AutoCAD amri ya OVERKILL hufuta mistari iliyorudiwa, na PEDIT huunganisha vipande vilivyoachana.

Kwa wa mbao, maumivu makubwa ni sufuri ya kwenda chini. Programu inaweza kuhesabu kina kuanzia juu ya ubao au kuanzia mezani. Kama imehesabu kuanzia juu na fundi akaweka sufuri mezani, ubao wa milimita 18 utapasuliwa, biti itavunjika na meza itachimbwa. Andikeni kwa kalamu nene ukutani mnatumia ipi, na asibadilishe mtu. Kisha endesheni kazi mara moja hewani, biti ikiwa imeinuliwa juu kabisa, kabla ya kukata.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi za bei nafuu husahau zilipokuwa. Betri ya akiba ya kompyuta peke yake haisaidii, kwani mota nazo zimepoteza nguvu. Kinachosaidia ni kuwa na sufuri inayoweza kupatikana tena, kwa mfano tundu dogo lililotobolewa kwenye kona ya bamba kabla ya kuanza. Kompyuta ikizima au kupoteza mawasiliano kila plasma inapowaka, usikimbilie kubadilisha programu. Angalia kwanza waya wa ardhini, kisha tenganisha kebo ya mawasiliano na ile ya tochi.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaotaka kununua kompyuta mpya. Karakana nyingi zinaendesha Mach3 kupitia lile tundu pana la printa la zamani, na njia hiyo haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Usiiuze ya zamani kabla hujajaribu mpya. LinuxCNC ni ya bure na bado hutumia tundu hilo. Kwa kuchora, FreeCAD nayo ni ya bure, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Hakuna haja ya kununua programu ya wizi yenye virusi kwenye flashi.

Mkulima au mfanyabiashara anayeagiza kipuri naye ana nafasi ya kujilinda. Aandike neno "mm" mbele ya kila kipimo na kutaja unene wa chuma. Kabla ya kulipia bamba, aombe mchoro uchapishwe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kazi ambayo duka lolote la steshenari linaweza kuifanya kama kipande kinaenea kwenye A4. Kando ya mchoro uwepo mstari wa milimita 100. Upimwe kwa rula, maana printa nyingi hupunguza mchoro zenyewe ili ukae kwenye karatasi. Mstari ukiwa sahihi, karatasi ikatwe kwa mkasi na kuwekwa juu ya kipuri cha zamani, tundu kwa tundu.

Kazi ikiisha, aombe nakala ya faili la mchoro lenyewe, si la msimbo wa G peke yake. La msimbo limeandaliwa kwa mashine moja, tochi moja na unene mmoja. La mchoro linaweza kupelekwa kwa fundi mwingine msimu ujao.