Saa Inaporudi Nyuma Saa Tatu

Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyeweka Ubuntu kando ya Windows anaweza kushtuka siku hiyo hiyo. Anafanya kazi Ubuntu, akiwa kwenye intaneti, hadi saa nane mchana. Anazima, anawasha Windows, na skrini inamwonyesha saa tano asubuhi.

Kompyuta haijaharibika. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, Windows huisoma kama majira ya mahali ilipo, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Amri moja tu upande wa Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1, huipatanisha mifumo hiyo miwili.

Kisa hiki kinaonyesha shida nyingi za mifumo endeshi miwili zinakotoka. Mifumo hii haifanyi kazi kwa wakati mmoja, lakini hutumia diski ile ile, saa ile ile na mlango ule ule wa kuwakia. Inapogombana, hugombania vitu hivyo.

Tangu Microsoft ilipofikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kuna sababu mpya ya kujaribu Ubuntu. Mashine nzima kabisa hukataliwa na Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ubuntu 24.04 hailipiwi, na inahitaji takriban GB 25 za diski. Hata jina si geni kwetu: ubuntu ni neno la Kibantu kutoka kusini mwa Afrika, ndugu wa utu.

Kazi kubwa iko kabla ya kuchomeka flashi ya usakinishaji. Kwanza, nakala za mafaili zihifadhiwe nje ya mashine. Hilo halina mjadala. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya diski ya Windows, tarakimu 48 za ufunguo wa dharura ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mabadiliko ya namna ya kuwasha yanaweza kuifanya Windows iziombe. Nafasi ya Ubuntu ikatwe kutoka ndani ya Windows yenyewe, inayojua mafaili yake yamelala wapi. Kisha kipengele cha Windows cha kuwaka kwa haraka kizimwe: kipengele hicho huiacha Windows ikiwa imesinzia tu, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo huweza kukataa kuandika humo.

Baada ya hapo usakinishaji ni mwepesi. Mtu huchagua kuweka Ubuntu kando ya Windows, na kila anapowasha, menyu ya GRUB humuuliza anataka mfumo upi.

Menyu hiyo inahitaji ulinzi. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilizuia baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili kuwasha Linux, kwa kukataa programu za kuwashia zilizopitwa na wakati. Ndiyo maana flashi ya usakinishaji, inayoweza kusaidia kuirekebisha menyu, haifutwi baada ya kazi kuisha. Huwekwa kwenye mkoba wa kompyuta, pamoja na ile karatasi ya tarakimu 48.