Sandra Schmirler: Nahodha wa mawe aliyeisimamisha Kanada

Na Mwandishi Wetu

MACHI 6, 2000, mashindano ya ubingwa wa taifa ya wanaume ya mchezo wa kelingi yaliyokuwa yakiendelea mjini Saskatoon, Kanada, yalichelewesha michezo yake ya mchana. Sababu haikuwa hitilafu ya uwanja wala mgogoro wa waamuzi. Wachezaji na mashabiki walitaka kwanza kufuatilia kwa televisheni ibada ya mazishi ya mwanamke mmoja, iliyokuwa ikifanyika mjini Regina.

Mwanamke huyo ni Sandra Schmirler, aliyefariki dunia Machi 2 mwaka huo kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 36. Vituo viwili vya televisheni vya Kanada, CBC na TSN, vilirusha ibada hiyo moja kwa moja.

Kwa msomaji ambaye barafu anaijua kwenye jokofu tu, maswali mawili hujitokeza: huu ni mchezo gani, na mwanamke huyu aliufanyia nini hata akaombolezwa na taifa zima?

Mawe na mafagio

Kelingi ni mchezo wenye asili ya Uskochi, uliopelekwa Kanada na wahamiaji. Huchezwa juu ya ukanda wa barafu wenye urefu wa takriban mita 45. Kila timu huwa na wachezaji 4, na kila mchezaji hurusha mawe 2 katika kila mzunguko. Jiwe ni la graniti, lina mpini juu yake, na uzito wake hukaribia kilo 20.

Neno kurusha lisimpotoshe msomaji, kwani jiwe halipai hewani. Mchezaji huliachia liteleze taratibu, likizunguka kidogo, kuelekea duara lililochorwa upande wa pili lenye kipenyo cha mita 3.66. Wenzake wawili hutangulia mbele ya jiwe wakifagia barafu kwa nguvu. Msuguano wa mafagio hupasha joto uso wa barafu, na hivyo jiwe hufika mbali zaidi na njia yake hunyooka. Nahodha husimama kwenye duara akitoa maelekezo, na kwa kawaida ndiye hurusha mawe mawili ya mwisho.

Baada ya mawe yote 16, timu moja pekee ndiyo inayoweza kupata alama. Ni ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu, nayo huhesabiwa kila jiwe lake lililokaribia kitovu kuliko jiwe bora la wapinzani. Kwa sababu hiyo, jiwe la mwisho laweza kufuta kazi ya mawe 15 yaliyotangulia. Mzigo huo ndio aliokuwa akiubeba Schmirler.

Binti wa mji mdogo

Schmirler alizaliwa Juni 11, 1963, katika mji wa Biggar, jimbo la Saskatchewan. Ni mji mdogo wa reli na wakulima wa ngano, na kama ilivyo katika miji mingi ya nyanda hizo, ukumbi wa kelingi ni mahali pa watu kukutana wakati wa majira marefu ya baridi. Baada ya masomo ya chuo kikuu alihamia Regina, makao makuu ya jimbo, akafanya kazi katika kituo cha michezo na mapumziko.

Huko ndiko ilikoundwa timu iliyompa sifa. Pamoja naye walikuwa Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa mamilioni. Walikuwa na ajira za kawaida, na mazoezi yalisubiri saa za kazi ziishe.

Mwaka 1993 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kanada, kisha ubingwa wa dunia mjini Geneva, Uswisi. Mwaka 1994 ilirudia yote mawili, safari hii taji la dunia likipatikana Oberstdorf, Ujerumani. Ilipita misimu miwili bila taji la taifa. Katika michezo mingi, ukame wa namna hiyo hutosha kuivunja timu. Wanne hao hawakutengana, na mwaka 1997 walirudi kileleni nchini mwao, kisha wakashinda tena ubingwa wa dunia mjini Bern, Uswisi. Schmirler akawa nahodha wa kwanza mwanamke kutwaa taji hilo mara tatu.

Jiwe la Brandon

Septemba 1997 Schmirler alijifungua mtoto wake wa kwanza, Sara. Miezi miwili tu baadaye alikuwa mjini Brandon, jimbo la Manitoba, katika mchujo wa kuipata timu ya Kanada ya Olimpiki.

Katika fainali dhidi ya timu ya Shannon Kleibrink, kwenye mzunguko wa 7, alilazimika kujaribu pigo ambalo nahodha mwangalifu angelikwepa. Jiwe lake liligonga jiwe jingine lililokuwa pembeni, likabadili mwelekeo na kuingia ndani, likaling'oa jiwe la wapinzani lililokuwa likiongoza. Timu yake ikajipatia alama 3 kwa mpigo, na mwishowe ikashinda 9-6. Hadi leo pigo hilo hutajwa miongoni mwa mapigo makubwa katika historia ya mchezo huo nchini Kanada.

Februari 1998, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, wanawake walishindania medali za kelingi kwa mara ya kwanza. Kanada ilishinda michezo 6 kati ya 7 ya awali. Katika nusu fainali iliiondoa Uingereza 6-5 baada ya mzunguko wa nyongeza, na katika fainali ikaifunga Denmark 7-5. Medali ya kwanza ya dhahabu ya wanawake katika mchezo huo ikaenda kwa wakazi wanne wa Regina.

Mchezo wa mwisho

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1999, miezi michache baada ya Schmirler kumzaa binti yake wa pili, Jenna, madaktari waligundua kuwa ana saratani. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaendelea na matibabu.

Februari 2000 alijitokeza hadharani mjini Moncton, akiwa mchambuzi wa CBC katika mashindano ya taifa ya vijana. Aliwaeleza waandishi wa habari kuwa alikuwa amejiwekea malengo matatu: kuitunza familia yake, kwenda mapumziko mahali penye joto akanyage mchanga, jambo ambalo kelingi haikuwahi kumpa nafasi ya kulifanya, na kufika pale Moncton siku ile. Alikiri pia kuwa sasa anajua kwamba kushindwa mchezo si mwisho wa dunia. Hazikupita wiki nyingi akafariki.

Mwaka 2001 ilianzishwa taasisi yenye jina lake, inayochangisha fedha za kununulia vifaa vya kuokoa maisha ya watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa wagonjwa mahututi. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya ubingwa wa wanawake wa Kanada naye hupewa tuzo inayobeba jina lake.

Wapo makapteni waliokuja kushinda mataji mengi kuliko yake. Lakini Wakanada wa kawaida walimwona Schmirler kuwa mwenzao: mfanyakazi, mke na mama aliyefika kileleni mwa dunia pamoja na marafiki walewale aliofanya nao mazoezi baada ya kazi. Ndiyo maana siku ya mazishi yake hata mabingwa wa kiume waliweka mafagio chini, wakasubiri.