Rangi Haiendeshi Gari

Si ajabu siku hizi, jioni inapoingia, kusikia ngurumo ya ekzosi katika barabara zetu za Tanga na kuona gari lililoinama chini likipita kwa kishindo. Vijana wetu wengi wamevutiwa na magari ya mbio ya mtumba, na lililo mashuhuri miongoni mwao ni Toyota Altezza. Gari hili lilizinduliwa Japani mwaka 1998, likatunukiwa huko tuzo ya gari bora la mwaka, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2005. Injini yake ni ya lita 2, nayo huzungusha magurudumu ya nyuma, jambo lipendwalo sana na wapenda mbio.

Hatusemi kwamba kulipenda ni kosa. Aliyetoka jasho ana haki ya kukifurahia alichokichuma. Lakini hatuna budi kumkumbusha hesabu moja nyepesi: gari la aina hii lililo changa kuliko yote limekwisha kutimiza miaka ishirini. Mipira yake imekauka, na aghalabu waliolimiliki kabla yake hawakulinunua ili waende polepole. Bei ya gari imeshuka. Bei ya vipuri haikushuka nayo.

Yupo jirani yetu mmoja, kijana muuza samaki, aliyeweka akiba kwa miaka mitatu ili anunue jokofu la pili. Alipoliona gari jekundu liking'aa, jokofu likasahauliwa. Hakuita fundi, kwa kuwa dalali alimwambia mteja mwingine yu njiani. Mwezi wa pili mkanda wa taimingi ukakatika safarini, vali zikapinda. Leo gari limelala chini ya mwembe, na mwenyewe anauza samaki wa wenziwe. Kilichopotea si gari tu, ni mtaji.

Yafaa nini basi? Kwanza, mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi, kwani iliyokwisha kupashwa moto huweza kuficha milio yake. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Pasipo ushahidi wa kubadilishwa, mnunuzi ahesabu kuwa haukubadilishwa, na gharama hiyo aiondoe katika bei.

Pili, achukue sumaku ndogo aipitishe kwenye bodi. Mahali isiposhika, huenda pana puti chini ya rangi. Sisi wa pwani twajua jinsi chumvi ya bahari ilavyo chuma. Kwa hiyo ainame, atazame sakafu na kingo za milango. Tairi lililolika upande mmoja nalo lina habari ya kusimulia.

Tatu, namba ya chesesi ilingane na ile iliyo kwenye kadi, na uhamisho wa jina ukamilishwe Mamlaka ya Mapato. Fedha iliyotolewa kwa ahadi ya mdomo ni ngumu kurudi.

Mwisho, fedha ya kwanza baada ya kununua iende kwenye breki, tairi na shokapu, kabla ya ringi za kung'aa na ekzosi ya kelele. Gari lenye nguvu lisilo na breki si hasara ya mwenyewe peke yake; ni hatari kwa watoto wetu wavukao barabara kwenda shule.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana akiona gari linasifiwa kwa haraka, naye apunguze mwendo. Na ikiwa baada ya kulipa bei hatabakiwa na fedha ya matengenezo, basi ajue kwamba uwezo wa kulinunua bado hajaupata. Asubiri. Jokofu halina ngurumo, lakini hulisha nyumba.