Jointi ya kilasi: vyombo kwanza, halafu kufungua moteri

Moshi mweupe usioisha, maji yanapotea kwa radiatere, mafuta yamegeuka kama chai ya maziwa: kwa dereva wa Hiace anayepanda Ngomo, mara nyingi ni jointi ya kilasi imeungua. Wengi wanajifungulia wenyewe, kisha gari inalala wazi, pamoja na chakula cha watoto, kwa kukosa kipande kimoja.

Cha kwanza ni namba ya moteri, si jina la gari. Silinda za 2L zina upana wa milimita 92, za 3L ni 96. Jointi ya moja haiendi kwa ingine, hata muuzaji akiapa. Ile ya zamani hairudishwi. Mafuta mapya na filta pia viwe tayari.

Funguo za kawaida hazisumbui. Inayokosekana ni kle dinamometriki, ile ya kupima nguvu ya kukaza boloni. Wengi wanakaza kwa kukisia, na jointi mpya inaungua tena. Afazali kuazima.

Itafutwe pia rula ya chuma iliyonyooka sawasawa. Kilasi iliyopata moto sana inapinda, na jointi mpya juu yake ni pesa ya kutupa. Turneri ndiye anaisawazisha. Bei yake iulizwe mbele ya kufungua.