Kwa Baiskeli Kando ya Mto Weser

Katika mji wa Hannoversch Münden, katikati ya Ujerumani, mito ya Fulda na Werra inakutana na kuwa mto mmoja, Weser, unaokwenda kumwaga maji yake Bahari ya Kaskazini. Jiwe lililosimikwa mwaka 1899 linaonyesha mahali penyewe. Hapo ndipo inapoanzia pia njia ya baiskeli ya Weser, inayofika hadi Cuxhaven pwani, zaidi ya kilomita 500. Mwenye siku moja tu zinamtosha kilomita 45 hivi za mwanzo, hadi Bad Karlshafen.

Kabla ya kuondoka, inafaa kuzunguka mjini asubuhi. Zipo nyumba zaidi ya 700 za fremu za mbao, nyingi zikiwa na umri wa karne kadhaa. Kati ya nguzo na nguzo mafundi wa zamani walisuka fito wakakandika udongo, kama wanavyofanya mafundi wa vijijini kwetu. Utajiri uliozijenga ulitoka mtoni: tangu mwaka 1247 mfanyabiashara aliyepita na mashua alilazimika kushusha bidhaa zake hapa na kuwauzia wenyeji kwanza.

Nje ya mji bonde linakuwa jembamba. Milima ya misitu inashuka pande zote mbili, na chini yake kuna malisho, ngano na mahindi. Njia ni tambarare, kwa hiyo wazee na watoto wadogo wanaimudu bila taabu. Sehemu kubwa yake haikujengwa upya. Ni barabara za mashamba na vijia vya kando ya mto vilivyounganishwa na kuwekewa vibao. Kila njia panda ina kibao cha kuonyesha kijiji kinachofuata na kilomita zilizobaki. Panapokuwa na alama ya duara la buluu lenye baiskeli nyeupe, mwendesha baiskeli hana budi kupita hapo, na magari hayaruhusiwi. Baiskeli nayo ina masharti yake kisheria: taa, kengele na breki mbili.

Kijiji cha Hemeln ndipo penye kivuko cha kwenda Veckerhagen, ng'ambo ya pili. Kivuko hiki hakihitaji injini. Kimefungwa kwenye waya uliokatiza mto; mwendeshaji anakigeuza kidogo upande, maji yanasukuma ubavu wake, nacho kinateleza hadi ukingo mwingine. Kwa sarafu chache mtu na baiskeli yake wanavushwa, na njiani wanatoka jimbo la Niedersachsen na kuingia jimbo la Hessen.

Mbele kidogo kuna vijiji vya Gottstreu na Gewissenruh, vilivyoanzishwa mwaka 1722 na Wawaldo, Wakristo waliofukuzwa makwao kwa sababu ya imani. Kijiji cha Lippoldsberg kina kanisa la mawe la karne ya 12, lenye kuta nene na ubaridi unaomburudisha aliyetoka juani. Jumapili maduka hufungwa karibu kila mahali, kwa hiyo ni busara kubeba mkate na maji.

Bad Karlshafen ni mji wa namna nyingine: majengo meupe yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka kuizunguka bandari ndogo. Mtawala Karl wa Hessen-Kassel aliuanzisha mwaka 1699 na kuwakaribisha Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Alitaka pia kuchimba mfereji hadi Kassel ili mashua zake ziepuke sharti la kushusha bidhaa Hannoversch Münden. Mfereji haukukamilika, lakini mji ulibaki. Jioni msafiri anaweza kupanda treni ya mkoa na baiskeli yake, akiilipia tiketi.

Leo mashua za mizigo zimekaribia kutoweka sehemu hii ya mto. Wanaokuja sasa ni wageni wa baiskeli, na mwendo wao wa polepole ndio faida ya vijiji. Mwenye gari anapita kijiji kwa dakika moja. Mwenye baiskeli anasikia njaa, anachoka, anataka chumba cha kulala. Fedha yake inabaki kwa mwoka mikate, kwa mwenye kivuko na kwa mama anayekodisha vyumba viwili. Bonde la Weser limefika hapa kwa vibao, barabara za shamba zilizotunzwa na treni inayokubali baiskeli, na hayo ni mambo ambayo hata wilaya isiyo tajiri inaweza kuyaanza.