Zizi Imara kwa Gharama Nafuu

Ndugu zetu wa pande zote mbili za mpaka, huenda mkajiuliza polisi wana haja gani na nyua za mifugo. Ng'ombe akipenya usiku kwenye mwanya wa ua, asubuhi huhesabiwa kuwa ameibwa. Kabla hajaonekana akila nyasi bondeni, vijana wa Moroto wamekwisha kuwashuku wenzao wa Turkana, au kinyume chake, na safari ya kisasi imekwisha kupangwa.

Ua wa matawi ya mgunga hauhitaji fedha, ila jasho. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni matawi kurundikwa ovyo. Shina la tawi lielekee ndani na miiba itazame nje, ili atakayejaribu kulivuta akutane na miiba kwanza. Hata hivyo, mchwa na moto huumaliza ua huo, na miti mingine hukatwa kila msimu. Kwa hiyo, pandeni minyaa kandokando yake mvua zinapoanza. Vipandikizi vikishika na kukua, mtapunguza kukata. Jihadharini na utomvu wake, kwani hudhuru macho, na watoto wasiachiwe kuvikata.

Mwenye fedha kidogo za seng'enge asizimalize kuzungushia malisho. Azitumie kwenye zizi la usiku. Umbo nalo lina faida yake: zizi la mraba la mita 20 kwa 20 hutaka ua wa mita 80, ilhali la duara lenye eneo lile lile hutosheka na mita 71 hivi. Nguzo zichimbiwe sentimita 60, moja kila baada ya mita 3. Seng'enge humzuia ng'ombe, lakini mbuzi hupita chini yake. Basi sehemu ya chini isukwe kwa fito au miiba.

Lango ndilo hutuudhi zaidi, maana tumeona nyua nzuri zilizofungwa kwa kamba moja kuukuu. Liwe jembamba, karibu na nyumba ya kulala, na lifunguke kwa ndani, ili ng'ombe wakishtuka na kulisukuma lisiachie. Ua haumzuii mwenye bunduki. Humchelewesha, na dakika hizo ndizo za kupiga yowe na kutuita.

Msizibe mapito ya mifugo wala njia za maji. Makubaliano ya Uganda na Kenya yaliyotiwa saini Moroto mnamo Septemba 2019 yalikusudia amani na maendeleo ya pande zote mbili, na ua uliojengwa njiani ni chanzo kingine cha ugomvi.

Mkikuta ua umevunjwa, msiuzibe kwanza, wala msiswage mifugo iliyobaki kupitia hapo, kwani nyayo hufutika upesi. Watoeni wanyama kwa upande mwingine. Mtu mmoja abaki kulinda mahali hapo, na mwingine aje kituoni akiwa na idadi, rangi na chapa za waliopotea.